Mikono ya Meja Kipyegon

Machi 9, Jumatatu

Baba mdogo Kemboi, ambaye ni pasta, amekuja dukani asubuhi na ile suti yake ya kuzikia watu. Akasimama katikati ya magunia ya mbolea akiogopa kuchafuka, akaniambia ibada ya mwaka mmoja wa Baba ni Mei 23, nyumbani Elementaita. Kwa sababu ndugu yangu Kipruto yuko Australia na hatakuja, neno la watoto nitalisoma mimi. Dakika tano.

"Na usilete ukali wako, Chelimo. Watu wa jeshi watakuwepo."

Nikamwambia nitasoma kwa sharti moja. Safari hii jina la Najwa liandikwe kwenye programu.

"Hilo tutaliombea," akasema.

Thubutu! Jambo ambalo baba mdogo hataki kulifanya ndilo huombewa. Mwaka jana tulipomzika Baba, programu ilikuwa na kurasa kumi na mbili za rangi, Meja Kipyegon na kofia yake na medali zake. Ukurasa wa tatu kulikuwa na wajukuu: watoto wawili wa Kipruto, ambao hata hawakuja kuzika. Binti yangu Najwa, aliyekuwa amesimama hapo kando ya kaburi na gambuti za kuazima, hayumo. Na kila mtu alijua sababu. Nilimzaa bila ndoa, na babake ni Yaseen, Mwislamu wa Bondeni kule Nakuru. Jina lake likisomwa mbele ya kanisa la baba mdogo, shingo zitageuka.

Lakini baba mdogo hakuanza yeye. Alianza Baba. Meja Kipyegon hakumgusa mtoto wangu hata siku moja, tangu azaliwe mpaka yeye mwenyewe alipoingia kaburini. Miaka mitano. Sasa nisome dakika tano za kumsifu!

Nimechukua daftari hili kutoka rafu ya chini. Nitaandika kila ninachokumbuka, nione kama dakika tano za ukweli zitapatikana.

Machi 11

Hakuna mvua. Vumbi hadi ndani ya chai.

Machi 15, Jumapili

Baba hakuwa mtu mbaya. Hapo ndipo shida yangu ilipo. Angekuwa mbaya ningekuwa nimeshamaliza naye.

Tulikulia kwenye nyumba za kambi hapa Gilgil. Yeye alikuwa nyumbani labda miezi mitatu kwa mwaka, na akiwa nyumbani Jumamosi ilikuwa ukaguzi. Mimi na Kipruto tulisimama kando ya vitanda, shuka zimevutwa, viatu vimepangwa, na Baba akapita polepole. Akifika kwangu aliangalia kucha. Zikiwa ndefu hakusema neno. Aliketi kitandani, akaniweka kwenye goti, akatoa mkasi mdogo mfukoni na kunikata kucha moja moja, kumi za mikono na kumi za miguu, na kila akimaliza kidole anakipuliza. Mimi nilikuwa naziacha zirefuke makusudi. Nadhani alijua.

Hiyo ndiyo mikono ninayoijua. Ziko picha nyumbani za yeye na watoto wa Kipruto kabla hawajahamia huko kwa wazungu, mmoja begani, mwingine anamvuta sikio, Meja mzima anacheka meno yote nje.

Najwa alizaliwa siku ileile Baba aliporudi kutoka mission ya jeshi, miezi kumi na moja nchi ya watu. Nilikuwa wodini Nakuru. Nikaona kombati mlangoni, moyo ukaruka. Alisimama palepale mlangoni, miguu imeachana, mikono nyuma, kama yuko gwarideni.

"Uzito?"

"Kilo tatu na gramu mia mbili."

"Vizuri."

Mama akamnyooshea mtoto. Akarudi nyuma hatua moja. Halafu akasema gari linangoja, akaenda. Mimi nikajifanya nanyonyesha.

Machi 20

Wateja wote swali ni moja: "Madam, itanyesha?" Kwani mimi naishi mbinguni? Nimemjibu mmoja vibaya, akaacha mbegu kwenye kaunta akaenda zake.

Machi 25

Imenyesha! Saa nane mchana, mawe matupu, mpaka mabati yakatuziba masikio. Watu wamejaa dukani wakisukumana.

Machi 29, Jumapili

Tumeenda Elementaita kumsaidia Mama kupanda viazi. Mama amepungua. Anapanda akiwa ameinama tangu mwanzo wa laini mpaka mwisho bila kuinuka, na ukimwambia apumzike anasema atapumzika akifa. Najwa alikuwa nyuma yake akirusha mbegu shimoni, anaimba nyimbo za shule.

Nilikuwa nimeapa sitaandika habari ya mtaro, lakini leo nimeuona umejaa tena.

Baba alipostaafu alichimba mtaro wa kuzuia maji ya mlimani yasiingie shambani. Kazi safi, kamba na vigingi, kama handaki. Najwa alikuwa na miaka miwili na nusu. Nilikuwa jikoni na Mama, tukasikia kitu kimetumbukia majini, halafu sauti ya Baba, "Chelimo! Chelimo!" Nikatoka mbio. Mtoto yuko ndani ya mtaro, maji ya kifua, tope mpaka kwenye nywele, analia. Na Baba amesimama ukingoni, mtu aliyewahi kubeba wanaume wazima mgongoni, amemnyooshea kifimbo chake. Kile kifimbo cha ofisa, cha ngozi na shaba. Anamwambia, "Shika. Shika hapo." Mtoto akakishika kwa mikono miwili, akamvuta nje, akamwacha kwenye nyasi. Halafu akarudi nyuma.

Hata ndama huwezi kumtoa hivyo. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, siyaandiki. Yeye alisimama tu akinitazama. Nikambeba mtoto wangu na tope lake hadi barabarani. Tangu siku hiyo sikumsemesha Baba tena. Kwa Mama nilikuwa naenda, lakini nikimkuta yeye uani napita kama napita mti. Na yeye aliniacha nipite. Wakati huo tayari alikuwa amehamia stoo ya mahindi karibu na lango, analala huko peke yake, na sahani yake na kikombe chake anaviosha mwenyewe. Nilijua ni mimi na mtoto wangu tuliomharibia nyumba, na nilifurahi kidogo.

Aprili 2

Mvua. Mvua. Buti mbili za wateja zimesahaulika dukani, zote za kushoto.

Aprili 6, Jumatatu ya Pasaka

Programu imetumwa kwenye simu. Wajukuu ni wawili walewale.

Nikampigia baba mdogo. Akaanza na salamu za Pasaka, nikamkata.

"Najwa yuko wapi?"

"Chelimo, si nilikuambia tunaomba juu ya hiyo?"

"Na Mungu amejibu nini?"

"Mtoto tunampenda. Lakini hilo jina... waumini watauliza."

"Waulize! Mimi nitawajibu."

"Marehemu mwenyewe alikuwa na msimamo wake juu ya huyo mtoto. Wewe unajua. Mimi ni nani nibadilishe msimamo wa marehemu?"

Nikakata simu, maana nilikuwa karibu kutukana pasta siku ya Pasaka. Nikampigia Mama. Mama akasema, "Wacha niende nifungie kuku."

Aprili 12, Jumapili

Njia ya kwenda kanisani imekatika, tumekaa ndani. Najwa alikuwa anapaka rangi picha, akaniuliza bila hata kuinua kichwa, "Mama, kwani mimi nilikuwa nanuka?"

"Lini?"

"Kugo akiwa hai. Si alikuwa anaenda mbali nikikuja."

Kugo kwetu ni babu; alimaanisha Baba. Nilimwambia hapana, ulikuwa unanukia mafuta ya mtoto. Akasema "Okay" na kuendelea na picha yake. Nikaingia bafuni nikafungulia maji ili asinisikie.

Kama kuna hukumu, jamani, Baba ahukumiwe kwa hilo swali peke yake.

Na niandike la upande wangu pia, maana nimesema ni daftari la ukweli. Baba alilazwa Nakuru siku kumi na moja. Mapafu. Mama alinipigia kila siku, "Anakuulizia." Kutoka Gilgil mpaka Nakuru ni chini ya saa moja. Sikuenda. Siku ya kumi na moja nilikuwa nauzia mtu dawa ya kupe simu ilipolia, na nilimaliza kumrudishia chenji kwanza kabla ya kuipokea na kusikia amekufa. Nilijiambia nina haki. Bado nadhani nina haki.

Aprili 19

Wanasema Ziwa Naivasha limeingia tena nyumba za watu Kamere. Hapa ukungu mpaka saa nne.

Aprili 28, Jumanne

Naandika mbio, sijui kama nitajisoma.

Saa tano hivi mvua ikipiga, ameingia mzee mrefu na koti la plastiki, anakanyaga kwa uangalifu asilete tope. Obura. Sajini Obura aliyekuwa dereva wa Baba miaka tisa. Siku hizi anakaa Karagita, analinda shamba la maua. Amekuja kuniuliza tarehe ya ibada, maana ameisikia kwa watu tu.

Nikampa kiti na chai. Najwa alikuwa hajaenda shule kwa sababu ya barabara, amekaa juu ya gunia akila andazi. Obura akamtazama, akaweka kikombe chini.

"Huyu ndiye ule mtoto?"

"Ule mtoto gani?"

"Wa ile siku tulirudi. Aki Mungu. Amekuwa mkubwa hivi?" Akamwita, akamshika kichwa. Halafu akaniuliza, sauti ya chini, "Mwishowe afande alimshika?"

Nikamwuliza anamaanisha nini.

"Kwani hawakukuambia?"

Nikamtuma Najwa kwa jirani. Nitaandika kama Obura alivyosema.

"Wewe unajua ofisa anaua na ramani na redio. Hiyo ni kazi, hakuna mtu anaota juu ya hiyo. Babako miaka thelathini na moja hakuwa ameua mtu na mkono wake. Sasa huko mission, imebaki wiki tatu turudi, tulikuwa kwa kisima, anaangalia kama maji ni mazuri. Mtu akatoka nyuma ya ukuta na bunduki, karibu vile mimi na wewe tumekaa. Afande akamuwahi na bastola. Ilikuwa yeye ama sisi, hakuna makosa hapo. Lakini yule mtu hakukufa haraka. Mtu mzima, ndevu ziko na mvi. Babako akakaa chini na yeye. Akampea maji ya chupa yake. Akamshikilia kichwa mpaka ikaisha. Halafu akaosha mikono na jerikeni mzima, lita ishirini. Sisi tukakaa na kiu mpaka jioni na hakuna mtu aliuliza."

Walitua Nairobi, wakashika barabara. Wamefika Naivasha, simu ya Mama ikaingia: Chelimo amejifungua, msichana.

"Alipiga dashboard na ngumi kwa furaha! Halafu akaangalia mikono. Akaniambia, Obura, tupitie kwa ndugu yangu kwanza."

Hapo nikaanza kuelewa, kwa sababu mimi ni mtoto wa kwetu hata kama nimekulia kambini. Bibi yangu alikuwa akitusimulia. Katika ukoo wetu mtu aliyemwaga damu ya mtu, hata ya adui, hata kwa haki, haingii nayo nyumbani. Hashiki mtoto mchanga. Halali na mkewe, hali chombo kimoja na watu, mpaka ndugu yake wa tumbo moja amchinjie mbuzi na kumwosha mtoni. Akimshika mtoto kabla ya hapo, damu ile inamfuata mtoto. Na lazima awe ndugu. Mwingine hawezi. Baba alikuwa na ndugu mmoja tu aliyebaki.

"Mimi nilikuwa kwa gari, dirisha wazi," Obura akasema. "Walikuwa wamesimama hapo kwa ng'ombe. Afande akasema, Kemboi, nichinjie mbuzi, unioshe, niende nione mtoto wa Chelimo. Ndugu yake akasema, wewe mtu umesoma, ofisa, na mimi nimeokoka, na mwezi ujao nawekewa mikono niwe pasta, unataka nirudie mambo ya giza? Damu ya Yesu inatosha. Akamwekea mkono kwa kichwa, akaomba maombi refu. Afande akasimama tu. Akarudi kwa gari. Tumefika Mbaruk akaniuliza, Obura, nimeambiwa niko safi. Wewe unaniona niko safi? Nikamwambia, ndio, afande."

Obura akapangusa uso na kiganja.

"Nilisema uongo. Kwetu pia tuko na hiyo kitu. Nilikuwa najua ile damu haijamtoka."

Nikamwuliza kwa nini hakusema, kwa nini hakuniambia hata mimi. Obura akacheka vibaya.

"Aseme? Kuna askari wetu mmoja, wa huko kwenu, aliwahi kuomba ruhusa aende nyumbani kutakaswa. Babako akamfungia siku saba. Akasema hapa ni jeshi, si kwa waganga. Mbele ya kombania yote. Sasa yeye mwenyewe angeambia nani?"

Mvua ilikuwa imepungua. Obura akafunga koti lake, akaniomba msamaha mara tatu, sijui wa nini.

Aprili 29

Sikufungua duka.

Mei 3, Jumapili

Nilimkuta Mama akipalilia, nikaingia laini ya pili na jembe, tukawa tunaenda sambamba ili nisimtazame usoni.

"Mama, ulijua?"

Hakuuliza kujua nini. Amepalilia mashina manne, matano.

"Obura?"

"Ndiyo."

"Nilijua." Akaendelea kulima. "Aliniapisha. Alisema ukijua utamchukia Kemboi, na Kemboi ndiye ndugu aliyebaki. Alisema afadhali umchukie yeye."

"Mama, alimtoa mtoto kwenye maji na fimbo!"

"Na alitapika usiku kucha baada ya hiyo. Wewe ulikuwa umeenda na hasira yako." Sasa akasimama, mkono kiunoni. "Kila Jumapili mkitoka hapa ananiuliza ameongeza kilo ngapi. Ameota meno mangapi. Amesema neno gani. Unafikiri ni Najwa peke yake? Chelimo, mimi ni mke wake. Alilala stoo. Miaka mitano huyo mtu hakunishika hata mkono wa pole."

Nililia palepale kwenye viazi. Mama hakulia. Akaniambia nisikanyage mashina.

Mei 9, Jumamosi

Nimeenda kwa baba mdogo. Nilikuwa nimejiandaa kumrarua, lakini alinifungulia mlango na soksi, mzee tu wa miaka sitini na tatu anatafuta miwani, na nikapungukiwa na nguvu kidogo. Kidogo tu.

Nilimwambia ninajua. Akaketi.

"Ningefanyaje, Chelimo? Imebaki wiki tano niwekewe mikono. Askofu angesikia. Waumini wangesikia, pasta mpya anachinja mbuzi mtoni."

"Kwa hivyo uliogopa watu."

"Niliamini! Mpaka leo naamini. Damu ya Yesu inatosha."

"Kama inatosha, mbona uliacha watu waamini Baba alimkataa mtoto? Ulijua sababu. Ukaniambia kwenye simu msimamo wa marehemu. Msimamo!"

Akavua miwani aliyokuwa ameipata, akaifuta na tai. Akasema alidhani Baba atasahau. Mwaka mmoja, miwili, mtu wa vita amezoea. Baba alimrudia mara mbili zaidi. Mara ya mwisho alikuja na mbuzi wake mwenyewe, amemfunga nyuma ya pikapu. Hata hiyo mara baba mdogo alimwombea tu Baba na kumrudisha. Mbuzi akabweka njia nzima, akasema, halafu akajisahihisha, mbuzi akalia. Alikuwa amechanganyikiwa. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo.

Halafu akarudi kuwa pasta.

"Sikiza. Nitaweka jina la Najwa. Wa kwanza kabisa kwenye orodha. Atapeleka ua kaburini na wengine. Lakini hii maneno ya damu isitoke nje ya familia. Kanisa langu litavunjika, na babako ataonekana mshirikina mbele ya jeshi lake. Umenielewa?"

Nikamwambia nitafikiria. Nilitaka kusema ng'o. Sikusema, na ninajijua kwa nini. Hilo jina nimelitaka mwaka mzima.

Mei 10

Programu mpya imefika. "Wajukuu: Najwa." Yuko juu ya wote, herufi nzito. Nimemwonyesha, ameisoma kwa kidole na kusema, "Ni mimi." Nimemjibu baba mdogo neno moja: Sawa.

Mei 16

Nimeandika neno la watoto. Zuri. Nidhamu, uzalendo, ukaguzi wa Jumamosi, kucha. "Babu aliyewapenda wajukuu wake wote." Sio uongo, hata. Ni ukweli uliokatwa miguu.

Baba aliniulizia siku kumi na moja. Kila nikilala nasikia sauti ya Mama kwenye simu, "Anakuulizia." Ile haki niliyokuwa nayo mwezi wa nne naitafuta siioni.

Mei 21

Mvua bado. Viazi vya Mama vimeanza kuoza majani. Nimempelekea dawa, amesema imechelewa.

Mei 23, Jumamosi

Nimerudi. Najwa amelala na nguo zake. Niandike sasa, kesho nitaanza kuipamba.

Tenti mbili, watu kama mia moja na hamsini, tope mpaka kwenye vifundo. Wazee wa jeshi walikaa safu ya mbele na bereti zao, Obura mwisho wa safu. Waimbaji wa baba mdogo na sare za zambarau. Yaseen alikuwa amekuja pia, amesimama nyuma kabisa na mwavuli, na hakuna aliyemkaribisha kiti mpaka Mama alipomtuma mtu.

Nikasoma. Dakika tano, bila kukwama. Kwenye kucha watu walicheka vizuri na wanawake wakapangusa macho. Baba mdogo akaniitikia amina kwa sauti. Nikafika mwisho, nikabaki na maiki, maana programu ilisema mimi ndiye ninawaita wajukuu kupeleka maua. Wale wa Australia waliwakilishwa na binamu. Nikaanza na wa kwanza.

"Najwa."

Alikuwa ameketi karibu na Mama na ua jeupe mapajani. Hakuinuka.

"Najwa, peleka ua kwa kugo."

"Sitaki."

Si kwa ukali. Alisema hivyo tu, kama mtu aliyekataa uji. Lakini alisema kwa sauti na watu wakasikia. Kicheko kidogo cha watu wazima, kile cha "watoto bwana." Nikamwendea nikachuchumaa.

"Kwa nini?"

"Yeye hakunitaka. Hata akiwa huko chini hatataka nimguse."

Hakuna aliyecheka tena. Jina lake lilikuwa kwenye mikono ya watu mia na hamsini, herufi nzito, na halikumsaidia kitu. Nikamwangalia baba mdogo. Akatikisa kichwa polepole: usithubutu.

Nikasahau maiki iko mkononi, ama sikusahau.

"Kugo alikutaka," nikasema. "Kugo alikuwa askari. Huko vitani alimuua mtu, mmoja. Na kwetu mtu akimwaga damu hashiki mtoto mpaka aoshwe, damu isimfuate mtoto. Yeye hakuwa ameoshwa. Alikuwa anaenda mbali ili usipate mabaya. Hata kwenye maji alikupa fimbo ili asikuguse. Alikuwa anakuchunga."

Nilisikia mvua kwenye tenti na mtu akikohoa. Safu ya mbele wale wazee wa bereti walikuwa wanatazama miguu yao. Mmoja alikuwa ameziba uso.

Najwa alifikiri. Anafikiri kwa mdomo wazi.

"Si angeoshwa tu?"

"Alitaka. Aliomba."

"Alikatazwa na nani?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimevunja neno langu kwa nusu, hiyo nusu nyingine sikuwa na haki ya kuimaliza. Nikaangalia chini. Watu wakaanza kunong'ona. Mwimbishaji, maskini, akaanzisha wimbo, akaimba mstari mmoja peke yake na kuuacha.

"Ni mimi."

Baba mdogo Kemboi alikuwa amesimama. Biblia ameiacha kitini. Mbele ya kanisa lake, mbele ya jeshi la ndugu yake.

"Ni mimi, mtoto wangu. Aliniomba mara tatu nikakataa."

Najwa akamtazama huyo mzee juu mpaka chini, kisha akamnyooshea lile ua.

"Basi mpelekee wewe. Umwambie pole."

Baba mdogo akalipokea. Akatoka kwenye tenti bila mwavuli, akapita kwenye tope na viatu vyake vya kanisani, akafika kaburini, akapiga magoti. Mtu wa maneno mengi vile. Tulimwona mgongo tu, na mabega yanavyotikisika, na ikawa wazi kwamba hata hiyo pole imemkwama.

Mwaka mzima nilikuwa nimeingoja siku kama hiyo, mtu apige magoti kwa ajili ya mtoto wangu. Nilisimama pale na maiki nikisubiri nisikie raha.

Mama akanigusa kiwiko. Alikuwa amemchukua Najwa mapajani, na uso wake haukuwa na hasira wala huruma, ulikuwa uso wa mtu aliyechoka kungoja.

"Na wewe, Chelimo," akasema. "Siku kumi na moja. Nenda."

Nikaweka maiki juu ya kiti, nikaenda.